Baba anasema alikuwepo Nyamagana mwaka 1974, baba mdogo anasema walikuwa Tanga

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71, ni Yanga wa kufa na kuzikana. Tangu mama afariki mwaka jana, mazungumzo yake yote ni mpira wa miaka ya sabini: Sunday Manara, Gibson Sembuli, Maulid Dilunga, na kwa shingo upande Kibadeni wa Simba. Haipiti siku bila kuirudia mechi ya ubingwa ya 1974 pale Nyamagana, Mwanza, Yanga walipoifunga Simba 2-1. Anaeleza alikokaa, vumbi lililokuwepo, hadi Sembuli alivyogeuka kabla ya kusawazisha. Juzi kwenye kikao cha familia baba mdogo akamkatiza: 'Kaka, siku ile mimi na wewe tulikuwa Tanga, tunasikiliza redio.' Baba aliwaka, kikao nusura kivunjike. Je, baba anadanganya? Au ndiyo dimensia inaanza? Jirani yetu ananiambia nitulie, kwamba mtu anayekumbuka mambo ya miaka 50 iliyopita hawezi kuwa na ugonjwa wa kusahau. Lakini mwezi huu mara mbili amesahau kama alishakunywa dawa za sukari. Nimsahihishe anaposimulia, au nimwache?"*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mama. Umeuliza mambo manne ambayo yamesukwa pamoja, ndiyo maana yamekuchanganya. Nianze na lililo jepesi: baba hadanganyi. Kukosea kwake kuhusu Nyamagana, kama kweli amekosea, si dalili ya dimensia. Jirani naye, kwa nia njema kabisa, amekupa faraja isiyo na msingi. Kilichonifanya niisome barua yako mara ya pili ni ile sentensi uliyoichomeka karibu na mwisho, ya dawa za sukari. Hiyo nitaifikia.

Wengi tunaamini kwamba tukio likishaingia kichwani hukaa humo kama kanda ya video, na kukumbuka ni kuirudisha nyuma na kuitazama tena. Sivyo ubongo unavyofanya kazi. Sauti huwekwa mahali pake, sura mahali pake, hofu na furaha mahali pake, na kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, haipokampasi, inayoyafunga mafungu hayo pamoja tukio likiwa bado bichi. Unapokumbuka, ubongo huyakusanya upya na kuijenga picha papo hapo. Palipo na pengo, hujaza kwa kile kinachofanana. Kisha picha hiyo iliyojengwa upya ndiyo inayohifadhiwa tena, pamoja na viraka vyake. Baba amelisimulia bao la Sembuli kwa nusu karne, vijiweni, kazini, kwenye misiba na harusi. Kila masimulizi yameacha alama yake.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 20 aliyeko Tanga, Agosti 1974. Bara hatukuwa na televisheni, na hatukuwa nayo hadi miaka ya tisini. Zanzibar ndiyo ilikuwa na yake mpya. Mpira uliufuata uwanjani, au uliusikia kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio moja ilihudumia nyumba kadhaa, na betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili zisogee japo hadi kipenga cha mwisho. Mtangazaji naye alijua kwamba wewe huoni. Alikueleza mpira uko upande gani wa uwanja, nani anao, nani anamkaba, jukwaa gani limelipuka. Msikilizaji alilazimika kuuchora uwanja kichwani, na malighafi ya kuchorea alikuwa nayo: vumbi na kelele za Mkwakwani, alikokwenda kuwaona Coastal Union na African Sports, picha za magazetini siku zilizofuata, na maneno ya waliokuwa wamerudi kutoka Mwanza, ambao bila shaka hawakupunguza chumvi.

Hapo ndipo mchanganyiko hutokea. Ubongo hauhifadhi jambo na mahali lilikotoka kwa uimara uleule. Kinachofifia mapema ni chanzo. Picha inabaki kali, lakini kama uliiona kwa macho, uliisikia au ulisimuliwa, taarifa hiyo huchujuka. Miaka inapita, picha ya redioni na picha ya uwanjani zinakuwa na uzito mmoja.

Hilo si la wazee peke yao. Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya shirika la El Al iliangukia majengo ya makazi mjini Amsterdam. Hakuna aliyepiga filamu ya ndege ikigonga jengo. Miezi 10 baadaye watafiti wa Uholanzi waliwauliza watu kama waliiona ndege ikigonga jengo kwenye televisheni, na zaidi ya nusu wakajibu ndiyo. Wengine walieleza hata iliingia kwa pembe gani. Walikuwa watu wazima wenye akili timamu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya.

Mfano ninaoupenda zaidi unahusu redio na michezo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Ulric Neisser, alikumbuka kwa miaka mingi kwamba siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, Desemba 7, 1941, yeye akiwa mtoto alikuwa sebuleni akisikiliza mechi ya besiboli redioni, ndipo matangazo yakakatizwa kwa habari ile. Akaja kushtuka ukubwani kwamba Desemba hakuna besiboli. Baadaye watafiti wengine wakagundua kuwa siku hiyohiyo kulikuwa na mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani iliyotangazwa redioni, kati ya timu zilizokuwa na majina yaleyale ya timu za besiboli. Sebule, redio, mechi kukatizwa: inaelekea vyote vilikuwa kweli. Kilichobadilika ni aina ya mpira. Na huyu ndiye mtu aliyekuja kuwa bingwa wa kuchunguza kumbukumbu.

Kwa hiyo inawezekana baba mdogo yuko sahihi kuhusu Tanga. Inawezekana pia ni yeye aliyekosea na kuiweka mechi nyingine ya redioni mahali pa ile ya Nyamagana, maana ubongo wake ni wa aina ileile. Mechi yenyewe inajulikana: Agosti 10, 1974, Adam Sabu aliitanguliza Simba, Sembuli akasawazisha mwishoni, Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Kama baba anakupa mtiririko huo bila kuuvuruga, basi kiini cha kumbukumbu yake kipo. Kilichoyumba ni kiti alichokalia.

Hasira yake nayo ieleweke. Kwa shabiki wa enzi zile, "nilikuwepo" ni cheo. Kuvuliwa cheo hicho mbele ya wanawe na wakwe zake, na mdogo wake mwenyewe, kungemuwasha hata mzee ambaye hana tatizo lolote.

Umeuliza, kwa namna yako, mbona ni miaka ya sabini tu. Watu wengi waliovuka 40, ukiwaambia wataje matukio makubwa ya maisha yao, hurundika mengi kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao. Ndio wakati mtu anafanya mambo kwa mara ya kwanza na kuamua yeye ni nani: kazi, mapenzi, dini, na timu. Watafiti watatu, Janssen, Rubin na Conway, waliwahi kuwaomba watu wataje wachezaji bora wa kandanda wa nyakati zote. Walichokiona ni kwamba mtu huelekea kumtaja aliyekuwa katikati ya uchezaji wake wakati yeye mtajaji akiwa na miaka 17 hivi. Mzee akikwambia hajawahi kutokea fundi kama Sunday Manara, usimtafutie ugonjwa. Miaka 50 ijayo mwanao atakuwa anawachosha watu na majina ya leo.

Na miaka ile ilikuwa na mambo. Sunderland ilibadilika jina na kuwa Simba mwaka 1971. Mwaka 1974 hiyohiyo Simba walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika wakatolewa kwa penalti na Mehalla El Kubra ya Misri. Januari 1975 watani walikutana Zanzibar kwenye fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, Yanga wakashinda 2-0. Mwaka uliofuata mgogoro ukaipasua Yanga hadi ikazaliwa Pan African, na zipo familia ambazo hazikusalimiana kwa muda kwa sababu hiyo. Mtu aliyekuwa kijana katikati ya hayo yote hawezi kuyasahau kirahisi.

Mwulize pia kuhusu Julai 19, 1977. Natabiri atakwambia alikuwa safarini. Siku hiyo Simba iliifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu. (Niseme wazi kwamba kwetu ni Msimbazi, yaani Simba, kwa hiyo tarehe hiyo siitafuti kwenye karatasi.) Kutoikumbuka kwake nako si ugonjwa. Wamarekani waliwapima mashabiki wa timu mbili za besiboli zenye utani mkali, Yankees na Red Sox, wakakuta kila upande unakumbuka vizuri zaidi mechi ambayo timu yake ilishinda, kwa sababu ushindi husimuliwa tena na tena, na kipigo mtu hukiacha kipite.

Sasa jirani yako. Anachosema ni imani iliyoenea sana, na imewachelewesha wengi kufika hospitali. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio dimensia inayoonekana zaidi, uharibifu huanzia karibu na ile haipokampasi niliyoitaja, mahali panaposajili mambo mapya. Kumbukumbu za zamani zilizorudiwa mara nyingi zimekwisha kuhamia na kujikita sehemu nyingine za ubongo, kwa hiyo hudumu. Nimekaa na wazee wanaokupangia kikosi cha mwaka 1975 kuanzia kipa hadi winga wa kushoto, wakati hawajui kama wamekula mchana. Watoto wao walikuwa wakijivunia kile kikosi, wakidhani ni ushahidi wa afya.

Maana yake ni kwamba hadithi za miaka ya sabini hazikupi jibu kwa upande wowote. Akizikosea, haimaanishi anaumwa. Akizipatia, haimaanishi mzima. Ukitaka kujua hali ya kumbukumbu ya baba, angalia wiki hii. Je, anauliza swali lilelile baada ya dakika chache bila kujua ameshauliza? Anapotea njia anayoizoea, ya msikitini, kanisani au sokoni? Kutuma pesa kwa simu, jambo alilolifanya miaka yote, kumeanza kumshinda? Anatafuta majina ya vitu vya kawaida? Amebadilika tabia, amekuwa mshuku, au amejitenga? Na je, hayo yameongezeka katika mwaka huu mmoja? Kusahau alikoweka miwani kisha akaipata si neno. Kuikuta miwani kwenye sufuria na kusisitiza kuna mtu kaiweka humo, hilo lina uzito.

Usihukumu mapema kwamba mambo yameharibika. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa watu wa miaka 70 na kuendelea ulikuta wenye dimensia ni asilimia 6.4. Wengi wa rika la baba hawana, ingawa uwezekano hupanda kadiri umri unavyosonga.

Narudi kwenye dawa za sukari, maana hapa ndipo penye kazi. Kusahau kama amekunywa dawa, mara mbili kwa mwezi, hata mimi ningeweza. Lakini kwa mgonjwa wa sukari mambo huzunguka pande zote mbili. Akirudia dozi kwa kusahau, na hasa kama anatumia vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, au anachoma insulini yenyewe, sukari inaweza kushuka sana, na sukari ikishuka mzee huchanganyikiwa, huwa mkali, husahau. Familia husema "amezeeka" kumbe anahitaji chai yenye sukari na kupimwa kwa haraka. Kwa upande wa pili, metformin, kidonge cha sukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu ambao ukigundulika mapema hutibika.

Sababu nyingine zinazotibika ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: tezi ya shingo iliyopunguza kazi, maambukizi, kaswende ya zamani isiyotibiwa, na dawa za kununua dukani. Zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, kwa mzee huvuruga kumbukumbu waziwazi. Masikio nayo yakaguliwe, kwa sababu asiyesikia vizuri hawezi kukumbuka alichoambiwa, hakukipata tangu mwanzo.

Halafu kuna huzuni. Amefiwa na mke mwaka jana. Sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, kwa mzee mara nyingi haiji na machozi. Huja na uzito wa mwili, usingizi uliokatika, kutojali chakula na kusahausahau. Uangalie usingizi na hamu yake ya kula kwa makini zaidi kuliko unavyoangalia usahihi wa hadithi zake. Hizo hadithi zenyewe huenda ndizo zinazombeba. Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wamechunguza kwa miaka hamu ya kurudia zamani, wakaona kwamba upweke huichochea, na kwamba mtu akishaipitia hujihisi yuko karibu zaidi na watu. Mzee asiye na mwenzi nyumbani amekimbilia mahali palipojaa watu. Mimi nisingemzuia.

Kuhusu kumsahihisha: kwa habari ya mahali alipokuwa Agosti 10, 1974, usimsahihishe. Hakuna mali inayogawanywa wala kesi mahakamani inayotegemea hilo. Kama kumbukumbu yake ni nzima, baba mdogo anaruhusiwa kumtania wakiwa wawili na kahawa yao, kama watani wanavyofanya siku zote. Asifanye hivyo kikaoni. Kama kuna ugonjwa, kumbishia hakumrudishii ukweli, kunamwachia uchungu tu, na uchungu hubaki hata baada ya kusahau ugomvi ulitoka wapi. Mambo ya kumsahihisha ni yale yenye madhara leo: dawa, jiko, pesa, barabara.

Na acha kumuuliza "unakumbuka?". Swali hilo ni mtihani, na mzee mwenye wasiwasi na kumbukumbu yake analisikia kama mtihani. Mwambie "nisimulie". Mpelekee picha za magazeti ya zamani, jezi, jina la mchezaji aliyesahaulika, kisha mrekodi kwa simu. Kule Scotland tangu mwaka 2009 kuna mpango wa kuwakusanya wazee, wakiwemo wenye dimensia, kutazama picha za kandanda la ujana wao na kuzungumza. Hapa kwetu kijiwe cha kahawa kinafanya kazi hiyo bila mwaliko. Nisikuahidi makubwa: mapitio ya tafiti nyingi yanaonyesha kuwa mazungumzo ya kumbukumbu huleta nafuu ndogo, katika hali ya moyo, mawasiliano na pengine kumbukumbu yenyewe, na matokeo hutofautiana. Hayazuii ugonjwa. Akikuuzia mtu vidonge au maji ya kurudisha kumbukumbu, usitoe pesa yako.

Cha kufanya wiki hii: nunua kikasha cha vidonge chenye vyumba vya siku saba, mmoja wenu akijaze, na aangalie jioni kama chumba cha siku hiyo kiko tupu. Tundika kalenda karibu nacho. Andika kwa wiki mbili kila tukio la kusahau, siku na saa, na kama alikuwa amekula. Kisha mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, na wao wataamua kama inahitajika rufaa. Bebeni dawa zote, hata za miti shamba, na aende mtu anayeishi naye. Watampima sukari, damu na masikio, na wanaweza kumfanyia kipimo kifupi cha kumbukumbu. Kipo kimoja kilichojaribiwa hukohuko Hai ambacho hakihitaji mtu ajue kusoma: anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno aliyosomewa, anapanga njiti nne za kiberiti kwa mfano aliooneshwa.

Usisubiri miadi akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, akilegea upande mmoja au mdomo kupinda, akishindwa kutamka, akitokwa jasho na kutetemeka, au akibadilika baada ya kuanguka na kugonga kichwa, hata kama alianguka wiki kadhaa zilizopita. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Najua atasita kwenda. Usimwambie unampeleka kupimwa akili. Mwambie ni kliniki ya sukari na masikio, na kwamba daktari atataka kujua pia anavyokumbuka dawa. Yote ni kweli, na hatakuwa na sababu ya kujiona amewekewa mtego. Ukimpata siku Yanga wameshinda, kazi itakuwa nyepesi zaidi.